Wageni wanababuka na jua hata siku ya mawingu: tuwaambie nini hasa?

msafara_mdogo

Wakuu, salaam. Naandaa karatasi ya ukurasa mmoja ya kuwapa wasafiri kabla hawajapanda ndege kwenda nchi zenye jua kali. Karatasi nyingi za aina hii huandika "paka losheni, vaa kofia, kunywa maji" na kuishia hapo. Watu wanasoma, wanapaka, na jioni ya siku ya kwanza migongo imeiva. Naomba majibu kwa haya:

1. Kwa nini mtu anaungua siku ya mawingu na upepo, wakati joto ni nyuzi 22 tu?
2. SPF 30 na SPF 50 (zile namba za kinga kwenye chupa ya losheni) zina tofauti ya maana au ni biashara ya chupa?
3. Losheni ni kiasi gani hasa, na ya wiki nzima ni chupa ngapi?
4. Mtu mweusi naye anahitaji haya yote?
5. Akishaungua, usiku ule afanye nini?

Tafadhali mnipe vipimo. "Ya kutosha" na "mara kwa mara" ninazo tayari.

---

kivuli_kifupi

Nianze na la kwanza, maana hilo likieleweka nusu ya kazi imekwisha.

Joto unalolisikia na mionzi inayobabua ni vitu viwili tofauti. Kinachounguza ni mionzi ya urujuanimno, UV, na ngozi haina namna yoyote ya kuihisi inapoingia. Upepo wa baharini unapoza ngozi lakini haupunguzi hata chembe ya UV. Ndiyo maana mahali pa hatari zaidi kwa mgeni si jangwani kwenye nyuzi 42, ambako anakimbilia kivulini mwenyewe, bali kwenye boti, mlimani na ufukweni penye upepo. Pale mwili haumpi onyo lolote.

Onyo la pili analolitegemea, wekundu, nalo linachelewa. Ngozi huanza kuiva saa 3 hadi 5 baada ya kuchomwa, na kilele cha maumivu huja kati ya saa 12 na 24. Anayesema "nikianza kuwa mwekundu nitaingia kivulini" ameshaungua tayari, ila hajapata taarifa.

Mawingu: yale mepesi hupitisha zaidi ya 90% ya UV. Ni mawingu mazito meusi ya mvua ndiyo yanayopunguza kweli. Mawingu meupe yaliyotawanyika, jua likichungulia katikati yake, wakati mwingine huongeza UV kwa muda kwa sababu kingo zake hurudisha mionzi chini.

Sasa, kwa nini jua la ugenini linamshinda mtu ambaye kwao pia kuna jua? Mambo manne:

*Kimo cha jua angani.* Jua likiwa utosini mionzi inapita njia fupi kwenye hewa na tabaka la ozoni, hivyo inafika chini nyingi. Likiinama, njia inakuwa ndefu na sehemu kubwa ya UVB, aina ya UV ambayo ndiyo mbabuaji mkuu, inanyonywa huko juu. Mtu aliyezoea jua la pembeni la latitudo za kaskazini ana kumbukumbu ya dakika ambazo hazimfai kabisa akifika karibu na ikweta.

*Mwinuko.* Kila mita 1,000 unazopanda, UV huongezeka kwa takriban 10%. Mji wa La Paz, Bolivia, uko kwenye mita 3,600 hivi, basi mgeni anatembea mitaani amevaa sweta na uso unaungua. Kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895, juu ya hapo weka na theluji.

*Vinavyorudisha mionzi.* Theluji mpya hurudisha hadi 80% ya UV, povu la mawimbi kama 25%, mchanga mkavu wa pwani kama 15%, majani na maji matulivu chini ya 10%. Kwenye theluji watu huungua chini ya kidevu na ndani ya matundu ya pua, sehemu ambazo hakuna anayekumbuka kupaka. Na usiamini kwamba maji yanakukinga: nusu mita chini ya uso wa maji, UV bado ni kama 40% ya ile ya juu.

*Msimu wa kusini.* Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, na tofauti ya nguvu ya jua kati ya Januari na Julai ni karibu 7%. Kwa hiyo kiangazi cha Australia na New Zealand kinapiga kuliko kiangazi cha Ulaya hata kwenye latitudo zinazolingana. Hewa safi zaidi na ozoni pungufu vinaongeza hapo.

Kwenye karatasi yako usiandike joto kabisa. Andika kipimo cha UV, kile kinachoonyeshwa na karibu kila programu ya hali ya hewa kwenye simu. Kilianzia Kanada mwaka 1992, leo kinatumika dunia nzima: 0 hadi 2 ni kidogo, 3 hadi 5 cha wastani, 6 na 7 kikubwa, 8 hadi 10 kikubwa sana, 11 kwenda juu ni cha kupita kiasi. Kinga inaanza kwenye 3. Mgeni akiona 11 halafu joto nyuzi 22, aamini ile 11.

Asiye na mtandao atazame kivuli chake. Kikiwa kifupi kuliko kimo chake, jua limevuka nyuzi 45 juu ya upeo wa macho na linababua. Kivuli hakihitaji chaji.

---

dozi_sahihi

Najibu la pili na la tatu.

SPF ikipakwa kama ilivyopimwa maabara: 15 huzuia kama 93% ya mionzi inayobabua, 30 huzuia 97%, 50 huzuia 98%. Watu wakiona hivyo husema "basi 30 na 50 ni kitu kimoja". Geuza hesabu, tazama kinachopenya: 3% dhidi ya 2%. Kwa anayeshinda juani siku nzima, hiyo ni theluthi moja pungufu. Tofauti ipo, lakini ni ndogo mbele ya kosa lenyewe, ambalo ni kiasi.

Maabara hupaka miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Watu wengi hupaka robo hadi nusu ya hapo. Ukipaka nusu, SPF 30 inaweza kushuka hadi 15 au chini yake. Basi mwambie msafiri achukue 50, si kwa sababu ni ya miujiza bali kwa sababu atapaka kidogo tu, inamwachia nafasi ya kukosea.

Kipimo cha kukumbuka ni kijiko cha chai, mililita 5:

- uso, masikio na shingo: 1
- kila mkono: 1
- kifua na tumbo: 1
- mgongo: 1
- kila mguu: 1

Jumla vijiko 7, yaani mililita 35 kwa mtu mzima aliyevaa nguo ya kuogelea. Kwa asiye na kijiko: mistari miwili ya losheni kwenye urefu wa vidole viwili, cha shahada na cha kati, inatosha uso na shingo.

Apake dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, kwenye ngozi kavu. Arudie kila saa 2, na papo hapo akitoka majini au akijifuta kwa taulo. Taulo huondoa losheni kuliko maji. Chupa ikiandikwa kwamba inastahimili maji, maana yake ni dakika 40 au 80 za kuwa majini, si zaidi. Marekani walikataza kabisa chupa kujiita "isiyopenya maji", kwa sababu hakuna ya namna hiyo.

Kuna ile hesabu mbovu inayozunguka: "mimi huungua kwa dakika 10, SPF 30, basi nina dakika 300". Futa. SPF hupima dozi ya mionzi, haipimi saa. Dakika 10 za saa 2 asubuhi na dakika 10 za saa 6 mchana ni dozi mbili zisizofanana hata kidogo, na losheni yenyewe inatoka kwa jasho na msuguano kabla ya muda huo.

Namba ya SPF inasema zaidi habari za UVB. UVA, aina nyingine ya UV ambayo hupenya vioo vya dirisha na kuingia ndani zaidi ya ngozi, ina alama zake. Kwenye chupa za Ulaya tafuta herufi UVA ndani ya duara, maana yake kinga ya UVA si chini ya theluthi moja ya SPF. Chupa za Japani hutumia PA na alama za kujumlisha, nne ndiyo juu kabisa.

La dawa ya mbu: losheni kwanza, isubiri ikauke, dawa ya mbu juu yake. DEET, kiambato cha dawa nyingi za mbu, hupunguza nguvu ya SPF kwa kama theluthi, sababu nyingine ya kuchukua 50. Zile zilizochanganywa kwenye chupa moja ziachwe: losheni inarudiwa kila saa 2, dawa ya mbu hairudiwi hivyo, na mtu atajipaka DEET kupita kiasi.

Na hili liandike kwa herufi nene, maana karatasi nyingi za safari hulisahau: doxycycline. Wasafiri wengi huimeza kila siku kuzuia malaria, na ni dawa inayoifanya ngozi iungue haraka kuliko kawaida. Ciprofloxacin, ambayo wengine huibeba kwa ajili ya kuhara, nayo hivyo hivyo. Ongeza co-trimoxazole ya bakteria, naproxen ya maumivu, hydrochlorothiazide ya presha, amiodarone ya moyo na isotretinoin ya chunusi. Asiache dawa kwa hofu ya jua. Aulize aliyemwandikia kama ipo mbadala, na kama haipo, ajifunike mara mbili ya mwenzake.

---

pama_pana

Mkuu dozi_sahihi kaeleza vizuri, ila mimi ningeiteremsha losheni hadi nafasi ya tatu. Ya kwanza ni saa, ya pili nguo. Losheni ni ya kuziba mianya.

Piga hesabu. Mtu aliye na nguo ya kuogelea, mililita 35 mara 3 kwa siku, siku 7: mililita 735. Karibu chupa nne za mililita 200 kwa mtu mmoja. Nani anabeba hizo? Hakuna, kwa hiyo anapaka robo na kuungua. Mvalishe shati la mikono mirefu na suruali nyepesi, kinabaki uso, shingo, masikio, nyuma ya viganja na juu ya nyayo penye kandambili, kama mililita 10 kwa mpako. Mara 3, siku 7, mililita 210. Chupa moja tu, na imepakwa kwa kiasi sahihi.

Lakini si kila nguo. Fulana nyeupe nyembamba ya pamba hupitisha mionzi kuliko watu wanavyodhani, na ikilowa hupitisha zaidi, maana nyuzi zenye maji huwa angavu. Inyooshe mbele ya taa: ukiona mwanga unapenya vitundu, na jua litapenya. Kitambaa kilichofumwa kubana na chenye rangi iliyoiva kinakinga vizuri. Nguo zenye alama ya UPF 50 (UPF ni kipimo cha kinga ya kitambaa) hupitisha 2% tu, na kwa anayeogelea juu ya matumbawe akitazama samaki, blauzi ya namna hiyo ni lazima, kwa sababu mgongo wake unaelea juani saa nzima huku yeye akiangalia chini. Wanaorudi kutoka huko huwa wameungua mgongo, nyuma ya mapaja na nyuma ya magoti, mbele wazima kabisa.

Kofia: ukingo wa sentimita 7.5 kuzunguka kichwa chote. Kapelo huacha masikio na kisogo. Wenye vipara na wenye mistari ya kusuka nywele wakumbushwe kichwa kwa jina, la sivyo hawatajihesabu. Midomo nayo ina losheni yake ya kijiti, SPF 30 kwenda juu. Miwani iwe na alama ya UV400. Weusi wa kioo pekee si kinga, tena kioo cheusi kisicho na kinga ni kibaya zaidi kwa sababu mboni inatanuka gizani na kuipokea mionzi.

Mwavuli wa ufukweni nao unawadanganya watu. Unazuia jua la moja kwa moja, lakini UV nyingi hutoka kwenye anga lenyewe na kurudi kutoka mchangani. Ukiwa chini ya kivuli na bado unaona anga pana, mionzi inakuona pia. Mti mkubwa wenye majani mengi au paa lenye kuta ni kivuli kweli.

---

msafara_mdogo

Ahsanteni sana, tayari nimefuta nusu ya rasimu. Hamjagusa la nne na la tano. Na kuna jipya: wanaobeba mizigo ya mkononi tu wafanyeje, na ni kweli kuna nchi zinazokamata losheni?

---

dozi_sahihi

Kwa haraka. Mkononi: viwanja vingi vya ndege bado vina kikomo cha mililita 100 kwa chombo, na kinachoangaliwa ni ukubwa wa chombo, si kilichobaki ndani. Abebe kijichupa cha siku ya kwanza, hasa cha uso, kingine anunue afikako. Losheni ya kijiti haihesabiwi kama kimiminika sehemu nyingi, ni nzuri kwa uso na masikio.

Nchi: Palau, visiwa vya Pasifiki, tangu Januari 1, 2020 wamepiga marufuku losheni zenye kemikali kumi zilizoorodheshwa kwa ajili ya kulinda matumbawe. Hawaii wamezuia kuuza zenye oxybenzone na octinoxate, kemikali mbili za kuzuia jua, tangu Januari 1, 2021. Asome nyuma ya chupa. Zenye kinga ya madini pekee, zinc oxide au titanium dioxide, hazina tatizo Hawaii, ila orodha ya Palau ina hata vihifadhi kama phenoxyethanol, kwa hiyo huko asome viambato vyote. "Rafiki wa matumbawe" mbele ya chupa ni maneno ya muuzaji, orodha ya viambato ndiyo ya kusoma.

Chupa isiachwe kwenye gari lililofungwa juani. Ikijitenga maji na mafuta, au ikipita tarehe, itupwe. Chupa iliyofunguliwa likizo ya miaka miwili iliyopita haina haja ya mjadala.

---

melanini

La nne basi, kwa sababu humu tulio wengi linatuhusu.

Ngozi nyeusi ina kinga ya asili, hilo ni kweli. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, kwa mtu mweusi sana inakadiriwa kufanya kazi kama SPF 13 hivi, wakati ngozi nyeupe ina kama 3. Lakini 13 ni kizuizi, si ukuta. Siku nzima ya boti kwenye UV 12, au mlima wenye theluji, inatosha kuimaliza. Na "mweusi" si rangi moja: maji ya kunde huungua mapema kuliko mweusi tii.

Tatizo ni kwamba dalili haionekani kama kwenye picha. Hakuna wekundu wa kamba ya kuchemsha. Ngozi inakuwa ya moto ukigusa, inabana, inauma shati likigusa, inakuwa nyeusi zaidi au yenye kung'aa, na baada ya siku kadhaa inabambuka au kuwasha. Watu husema "nimepata aleji ya maji ya bahari". Mara nyingi ni jua.

Kwa ngozi nyeusi zinc oxide huacha weupe kama mtu aliyejipaka majivu, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya kuipaka kiduchu. Zipo zenye rangi ya ngozi, zimetiwa oksidi za chuma, hazina weupe huo, na zinasaidia pia kwa wenye madoa meusi usoni kwa sababu huzuia mwanga wa kawaida unaoyazidisha.

Watu wenye ualbino wasiwekwe kwenye kundi hili wala wasihesabiwe kwa dakika. Kwao hakuna kipimo cha "kuzoea jua": mikono mirefu, pama na SPF 50 kila siku, hata siku ya kutembea mjini tu.

Watoto chini ya miezi 6 wakae kivulini na nguo, losheni si njia yao ya kwanza.

Na tafadhali weka mstari mmoja dhidi ya wanaokwenda "kujichoma taratibu kwanza ili ngozi izoee". Rangi inayopatikana hivyo inatoa kinga ya SPF 3 au 4 hivi, na imelipiwa kwa ngozi kuumia.

---

kivuli_kifupi

La tano, maana usiku ule ndipo makosa hufanyika.

Aondoke juani mara moja, hata kama bado haoni wekundu. Aoge maji ya baridi ya kawaida dakika 10 hadi 15, au aweke kitambaa kilicholowa, arudie mara kadhaa kwa usiku. Barafu isiguse ngozi, inaongeza jeraha. Akiwa bado na unyevunyevu apake losheni laini isiyo na manukato, au ya mshubiri. Mafuta mazito ya mgando yasiwekwe siku ya kwanza, yanafungia joto ndani. Krimu za ganzi zenye benzocaine ziachwe, huleta mzio.

Ibuprofen husaidia zaidi ikianza mapema, kabla ya kilele cha saa 12 hadi 24. Mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito au mgonjwa wa figo atumie paracetamol. Aspirini asipewe mtoto. Anywe maji kuliko kawaida, kwa kuwa ngozi iliyoungua inapoteza maji.

Malengelenge yasitumbuliwe. Yakipasuka yenyewe, yaoshwe kwa maji na sabuni laini na kufunikwa kwa bendeji isiyogandia.

Hospitali bila kusubiri asubuhi: malengelenge yaliyoenea sehemu kubwa ya mwili, homa ya nyuzi 39 au zaidi, kutapika, kizunguzungu kinachozidi, kuchanganyikiwa, mtoto mchanga wa chini ya mwaka, au macho yanayouma kama yana mchanga na kushindwa mwanga. Hilo la macho ni kawaida kwa waliokuwa kwenye theluji bila miwani, na huja saa kadhaa baadaye usiku.

Nyongeza moja ambayo huwashangaza madaktari wengi wa hotelini: mtu anakamua ndimu ufukweni kwenye kinywaji, maji ya ndimu yanachuruzika mkononi, jua linayapiga. Baada ya siku moja au mbili kuna malengelenge yenye umbo la michirizi, kisha madoa meusi ya wiki au miezi. Si jua peke yake, ni ndimu na UVA pamoja. Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kurudi juani.

---

pama_pana

Kuhusu saa, mkuu msafara_mdogo, angalia usije ukawapoteza. Ukiandika "epuka saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni", sawa kwa nchi ambayo saa ya ukutani inafuatana na jua. Lakini Madrid wakati wa kiangazi jua liko juu kabisa saa 8 na robo mchana hivi kwa saa yao, kwa sababu ya ukanda wa saa waliouchagua na saa moja wanayoisogeza mbele. Mgeni anayerudi juani saa 9 akidhani utosi umepita, anaingia kwenye jua linalokaribia kabisa kilele. Andika "saa 3 kabla na saa 3 baada ya jua kuwa utosini", na chini yake uweke muda wa utosi wa kila mji mnaokwenda. Programu ya hali ya hewa inayoonyesha UV kwa kila saa itampa jibu hilo hilo.

---

msafara_mdogo

Hilo la Madrid lilikuwa limeshaandikwa vibaya kwenye rasimu. Nalibadili sasa hivi, na kwenye safu ya dawa naweka doxycycline juu kabisa.